Saa za Trekta katika Kitabu cha Rubani

Babu yangu alijifunza kuandika kwa kunakili mabomu.

Nasema hivyo bila kuongeza chumvi. Kitabu alichojifunzia kilikuwa cha rubani wa vita, Mwingereza aliyelima mahindi karibu na Kiminini zamani, kabla mama yangu hajazaliwa. Kilikuwa na jalada gumu la samawati lililopauka, na kurasa zake zilikuwa zimegawanywa kwa mistari: tarehe, aina ya ndege, rubani, kazi, saa za angani. Safari za mchana aliziandika kwa wino mweusi, za usiku kwa wino mwekundu, na kurasa za katikati zilikuwa nyekundu juu hadi chini. Jina la mji wa Wajerumani, uzito wa mabomu, kisha mwishoni maneno yale yale: kazi imetimizwa. Katika kitabu kizima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekufa.

Guka, ndivyo tulivyomwita babu, alikuwa dereva wa trekta la huyo rubani. Mzungu alitaka saa za trekta ziandikwe kama saa za ndege, basi akamketisha kwenye baraza na kumfundisha herufi kutoka katika kitabu chake mwenyewe. Wazungu walipoanza kuuza mashamba, na watu wetu kutoka mkoa wa kati wakachangishana kununua vipande, rubani alimwachia Guka trekta bovu na kitabu kile. "Kurasa bado ziko," alimwambia. "Mimi sitaki kukibeba tena." Guka akalifufua trekta, na kwenye kitabu akaendelea pale Mzungu alipoachia. Chini ya mstari wa mwisho wa rubani kunafuata mwandiko mwingine, mzito, unaoinama kama mtu anayetembea kwenye mvua: trekta, shamba la chini, kulima, saa, kazi imetimizwa.

Mistari ya rubani haikuishia Ujerumani. Alipohamia huku, miaka ya hali ya hatari, aliendesha ndege ndogo ya serikali juu ya msitu wa Nyandarua, na huko nako aliangusha alichopewa. Ni ukurasa mmoja tu, kona yake imekunjika. Kaka yake Shosho, bibi yangu, aliingia katika msitu huo kupigania uhuru na hakutoka. Ndege zilikuwa nyingi na hakuna aliyejua ni ipi. Shosho hakutaka kujua. Alichofanya ni kutokigusa kitabu. Kikianguka sakafuni alikizunguka na ufagio wake, akifagia pembeni kama vile amekutana na nyoka aliyelala.

"Hicho kina damu," alisema.

"Ni karatasi, Mama," Guka alimjibu. "Karatasi mzuri hata. Siku hizi hawatengenezi kama hii."

Kulikuwa na kanuni moja aliyopewa na rubani, na Guka aliishika kuliko zile kumi za kanisani. Safari haiandikwi mpaka chombo kirudi nyumbani na injini izimwe. Marubani wa vita waliamini kwamba anayejaza mstari mapema hawezi kuumaliza. Guka alipenda kunieleza habari ya mpiga bunduki wa mkiani, kijana wa umri wangu, ambaye ndege ilirudi naye nyumbani lakini ikabidi wamtoe kwa mpira wa maji. "Huyo alikuwa ameshaandika kabla ya kupanda," Guka alisema, akitikisa kichwa, kana kwamba kosa la kijana lilikuwa hilo tu.

Kwa hiyo hata akilima hadi Naitiri au Moi's Bridge, na giza likamkuta, Guka alirudi. Wenye mashamba walimcheka. "Guka, lala hapa bana, ugali iko tayari." Alijibu lile lile: "Trekta hailali nje." Aliingia bandani, akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu kubwa kwa kisigino, akazima injini, akangoja ule mtetemo wa mwisho uishe. Ndipo alipokitoa kitabu msumarini.

Ule mwaka wa kura nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Tulikuwa wanne bomani: Guka, Shosho, mama na mimi. Baba alikuwa amefariki kwa ugonjwa nikiwa mdogo. Mama ni mtu wa Bungoma, na kwa miaka mingi jambo hilo halikuwa na maana yoyote zaidi ya kwamba Krismasi tulikula kuku mara mbili, kwetu na kwao. Kisha matokeo yakatangazwa, na lugha ya mama ya mtu ikawa kitu cha kuulizwa barabarani.

Waliotaka watu wa mkoa wa kati waondoke walikuja asubuhi, jua likiwa limeshakausha umande. Tuliona moshi kwa jirani wa juu, mweupe kama wa mtu anayechoma takataka, halafu ukawa mweusi paa lilipoanguka. Kisha sauti. Mabati yakipigwa rungu, vioo, mbwa, na ng'ombe. Ng'ombe aliyekatwa mshipa wa mguu halii kama ng'ombe. Analia kama lango kubwa la chuma linalofunguliwa polepole, na haliishi kufunguka.

Guka hakukimbia. Alifunga trela nyuma ya trekta, akaketi, akapiga honi bila kuachia. Watu wakatoka kwenye mabua ya mahindi walikokuwa wamelala kifudifudi: wanawake, watoto, wazee wawili watatu, mtu na kuku kwapani. Jirani mmoja akarusha godoro ndani ya trela.

"Toa hiyo!" Guka alifoka. "Godoro haitoki damu! Panda wewe!"

Shosho alipanda wa mwisho. Alikuwa ameshika kitu chini ya leso, kwenye tumbo, kama mama aliyebeba mtoto mchanga.

Kwenye kona ya barabara walikuwa wanatungoja. Mawe yalianza kabla hatujaziona nyuso. Mwanamke aliyeketi kando yangu alipigwa mdomoni. Alitema meno kwenye kiganja, akayaangalia, akafunga ngumi juu yake, na hakuifungua tena mpaka Kitale. Mshale uliingia kwenye gunia la mahindi nililoegemea na kutikisika hapo, unyoya wake karibu na shavu langu, na nakumbuka nilifikiri ni unyoya wa kuku wetu. Kiti cha trekta hakina kuta. Guka alikuwa ameinama juu ya usukani kama mtu anayeendesha kwenye mvua ya upepo, mgongo wake wazi kwa yeyote, na damu ikimtoka sikioni ikiingia kwenye kola ya shati.

Hapo ndipo alipotokea fundi wa viatu. Alikuwa na kibanda pale konani, na ndiye aliyenishonea viatu vya shule tangu darasa la kwanza. Alitoka mbio nyuma ya kibanda, akaudaka ubao wa nyuma wa trela kwa mikono yote miwili, miguu ikiburutwa. Tukamshika shati. Mama alimshika ukosi, mimi nikashika mkono wa shati, na alikuwa akituambia, kwa sauti ya chini kabisa, ya adabu, "Vuteni. Vuteni tu." Kijana mmoja alikuja akikimbia sambamba nasi, bila hasira yoyote usoni, kama mtu anayefukuzia mpira. Panga lilishuka mara moja juu ya ubao.

Fundi alibaki barabarani. Vidole vyake vilibaki kwetu.

Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani kila mtu alikuwa akingoja mwingine aanze. Mama alivua kitambaa chake cha kichwa akavifunika, na tukaendelea hivyo, trekta likinguruma, mpaka tukaingia kwenye uwanja wa polisi wa Kitale, ambako watu walikuwa wamejaa tayari kama siku ya soko.

Guka aliwashusha wote kwa mkono, mmoja mmoja, hata watoto walioweza kuruka. Alipofika mwisho wa trela akaona kitambaa. Akakifunua.

"Nani huyu?"

"Ni fundi," mama akasema.

Alikifunika tena, taratibu, akaigeukia barabara tuliyotoka. Shosho aliona uso wake na akajua. Akakitoa alichokuwa amekificha chini ya leso. Kilikuwa kitabu. Hakuwahi kukigusa hata siku moja, na sasa alikuwa amekikumbatia safari nzima.

"Kiko hapa," alisema. "Usiniambie unakirudia. Kaa chini, Mzee."

Guka alishangaa kweli. "Umekishika?"

"Nimekishika! Na mikono inaniwasha. Kaa chini."

"Basi kishike tu. Nitaandika nikirudi."

"Urudi wapi? Si nyumba inaungua!"

"Nyumba inaungua. Banda ni ya mabati." Alikuwa anapanguza damu shingoni kwa kofia. "Nimwangalie fundi, niweke trekta ndani, nikuje. Safari haijaisha hii."

Polisi mmoja aliyekuwa akinywa chai kwenye kikombe cha bati alicheka. "Mzee, ati unaenda kuegesha gari kwa moto?"

"Naenda kumaliza kazi," Guka alimwambia. Shosho alimshika mkono wa koti. Guka aliuondoa mkono wake kidole kimoja kimoja, bila nguvu, kama mtu anayefungua kifungo. Alifungua trela, akaiacha hapo, akaondoka na trekta peke yake. Bila mzigo lilikuwa jepesi, likirukaruka, na kwa mbali ungedhani ni mzee anayeenda kulima.

Mama muuza makaa aliyefika jioni, miguu mitupu, ndiye aliyetueleza. Walimsimamisha Guka kwenye kalvati, daraja dogo la mtaro pale konani, kabla tu ya njia ya kuingia kwetu. Walimwamuru ashuke. Aliwaomba wamwache aegeshe kwanza, kisha wafanye wanachotaka. Wakacheka sana. Akawa anawaonyesha kwa kidole, "Pale tu, mnaona? Bati ile." Wakampiga rungu kifuani akiwa bado kitini. Hakuachia usukani, kwa hiyo wakaipiga mikono. Halafu petroli. Fundi wa viatu alikuwa kwenye mtaro, hatua chache tu, ameshakufa kwa kutokwa damu. Mama muuza makaa alisimulia haya yote akiwa amesimama, na alipomaliza akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Hatukuweza kumrudisha Guka nyumbani. Alizikwa kwenye makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua, mchungaji akiomba kwa haraka kwa kuwa wengine walikuwa wanangoja. Kisha kaka ya mama akaja kutuchukua, akatupeleka kwake, nje kidogo ya Bungoma.

Mjomba huyu aliendesha trekta la kubeba miwa. Alikuwa mtu mkubwa wa maneno mengi, r nyingine zikimtoka kama l, na aliniita mwiwana, yaani mtoto wa dada yake, kwa sauti ya mtu anayejivunia mali. Shosho alikataa kulala nyumba kubwa, kwa heshima ya wakwe. Akalala kwenye ghala la mahindi, kitabu chini ya kichwa. Hakula vizuri na hakulia. Siku moja alimwita mjomba, na mjomba akaja akasimama mlangoni mwa ghala, kofia mkononi.

"Ile trekta iko wapi?" Shosho akauliza.

"Iko pale balabalani, Mama. Imekuwa mkaa tu."

"Mzee wangu amelala nje. Hiyo siwezi kubadilisha. Lakini trekta yake hailali nje. Iende nyumbani."

"Mama, nyumbani hakuna kitu."

"Banda iko?"

Mjomba alinitazama. Nikasema mama muuza makaa aliliona, limesimama.

"Basi iende," Shosho akasema. "Safari ya mzee haijaisha."

Nilimtarajia mjomba acheke, kwa kuwa yeye hucheka kila kitu. Alivaa kofia yake. "Nitahitaji mnyororo," alisema, na kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyeijua njia ya bomani na lugha za pande zote mbili, nilikwenda naye, nimeketi kwenye madigadi ya trekta la miwa, juu ya gurudumu, kupitia Webuye.

Kwenye kalvati walikuwepo. Walikuwa vijana wa rika langu, wa lugha mbalimbali, na tairi lililokuwa likifuka katikati ya barabara. Trekta la Guka lilisimama kando, jeusi, bila magurudumu ya mpira, kiti kimebaki waya. Mjomba hakupunguza mwendo mpaka karibu nao kabisa. Akaruka chini na mnyororo begani.

"Niaje, wazee!" akapaza sauti. "Nani amepika ng'ombe yangu?"

"Ng'ombe gani?"

"Si hii? Nimetoka Bungoma kuichukua. Nimesikia ngozi iko na bei."

Wawili wakacheka. Mmoja, mrefu, mwenye panga, hakucheka. "Hiyo tulichoma sisi."

"Na mlichoma vibaya. Ona, bado mbichi hapa kwa injini. Chuma haiivi na petloli, bana." Alikuwa ameshapiga magoti, anafunga mnyororo, mgongo wake wazi kwao. Nikamkumbuka Guka na mgongo wake.

Yule mrefu akanijia. Akaweka panga bapa juu ya goti langu. Lilikuwa na joto la jua. "Na huyu?"

"Mwiwana wangu. Mtoto wa dada."

"Baba yake je?"

Mnyororo ukanyamaza. Kwenye ukingo wa kalvati kulikuwa na doa pana jeusi, na nzi.

"Baba yake alinipatia mahari na nikakula yote," mjomba akasema bila kugeuka. "Sasa wewe unataka niludishe nini?"

Kicheko kilianza nyuma, kikaenea. Panga halikuondoka. "Aongee," yule mrefu akasema. Nikamsalimia kwa lugha ya mama yangu, nikamuuliza habari za kwao, na za mama yake, na kama mvua imenyesha, maneno yote ya kike ya adabu ambayo mama alinifundisha kwa ajili ya Krismasi. Nilimwangalia machoni na nilitaka afe. Nilimtakia kifo cha polepole huku nikimuuliza kama mama yake anaendelea vizuri. Akaliondoa panga. "Anaendelea," akanijibu, kidogo kwa aibu.

Rimu za chuma zilipiga kelele juu ya lami na kutoa cheche, halafu tukaacha lami, na likaja kimya kwenye vumbi. Nyumba yetu ilikuwa mraba wa jivu. Banda lilikuwepo, limeegemea upande. Mjomba alifungua mnyororo, akalisukuma kinyumenyume mara nyingi kwa mkia wa trekta lake, akitukana kwa sauti ya chini, mpaka trekta la Guka likaingia pale pale lilipokuwa likilala, pua nje. Nililitafuta jiwe. Lilikuwa mahali pake. Nikalisukuma nyuma ya rimu kwa kisigino, na likagonga chuma.

"Twende, mwiwana," mjomba akasema. "Kicheko chao haitakaa sana."

Shosho alikuwa ameketi kwenye mlango wa ghala tuliporudi Bungoma. Hakuuliza habari za njiani.

"Mliweka jiwe?"

"Niliweka."

Akanipa kitabu. Niliufungua ukurasa wa Guka, nikaandika alivyokuwa akiandika: trekta, kutoka nyumbani kwenda Kitale, kubeba watu. Kwenye saa nikaacha wazi. Nilipofika mwisho akanishika mkono.

"Unaandika nini hapo?"

"Kazi imetimizwa. Ndivyo alivyoandika siku zote."

"Na ule Mzungu, kwa msitu? Aliandika nini?"

Hakuwahi kuuliza. Nikaufungua ukurasa wenye kona iliyokunjika, nikamsomea: Nyandarua, mabomu manne, kazi imetimizwa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mlango wa jirani.

"Hayo usiandike," akasema. "Andika watu walishuka."

"Si wote, Shosho."

"Basi andika hivyo. Fundi alikuwa na jina."

Akanitajia. Miaka yote ya viatu vyangu sikuwa nimelijua. Nikaandika kwamba watu walishuka Kitale wakiwa hai isipokuwa yeye, na kwamba dereva alirudi kumtafuta, na trekta liko ndani. Mstari haukutosha. Nilipita kwenye saa, nikashuka mstari wa pili, nikapita kwenye aina ya ndege, nikaingia pambizoni.

Alipoona nimemaliza, Shosho alilamba kidole, akazirudisha mwenyewe kurasa nyuma, polepole, akizivuka zile nyekundu, mpaka akaifikia kona iliyokunjika. Akaweka kidole chini ya mabomu manne.

"Hapa pia," alisema, akanitajia jina la kaka yake.